SOMO LA AFYA: KUPIMA KIDONDA KWA RULA NA KWA PICHA



Baada ya somo letu la kusafisha jeraha na kulifunga, wengi mliuliza swali moja: "Nitajuaje kama kidonda kinapona?" Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana, na ndilo somo la leo.

Tuanze na jambo ambalo kila aliyekaa kwenye foleni ya kufunga vidonda amewahi kuliona. Baba mmoja, mvuvi, anaingia na kidonda juu ya kifundo cha mguu. Muuguzi wa leo si yule wa wiki iliyopita. Anafungua bandeji na kuuliza, "Baba, kinaendeleaje?" Baba anajibu, "Nashukuru, kinapungua." Mkewe aliyemsindikiza anatikisa kichwa: "Hapana, mimi naona kimeongezeka." Muuguzi anafungua daftari. Limeandikwa: "Kidonda mguu wa kulia, kimesafishwa." Wiki tatu mfululizo maneno ni yaleyale. Sasa nani anasema kweli? Hakuna ajuaye. Baba anataka kurudi ziwani, kwa hiyo macho yake yanaona nafuu. Mama ana hofu, kwa hiyo macho yake yanaona hatari. Muuguzi anaona kidonda kwa mara ya kwanza na hana cha kulinganisha.

Wiki tatu si kitu kidogo. Kama kidonda kile kilikuwa kinakua, baba alipaswa kupelekwa Hospitali ya Rumonge tangu wiki ya pili, pengine hata Bujumbura, ambako ni kilomita kama 75 kwa barabara ya kando ya ziwa. Wote mnaifahamu barabara ile: mlima upande mmoja, maji upande wa pili, na mvua ikizidi au ziwa likipanda safari huwa ya mashaka. Kumpeleka mgonjwa ni gharama, na kuchelewa kumpeleka kunaweza kumgharimu mguu. Uamuzi mzito kama huo haufai kutegemea kumbukumbu ya mtu. Unahitaji kipimo.

VIDONDA VYA PWANI YETU

Mtu wa mlimani hupata vidonda vya jembe. Sisi wa kando ya Tanganyika tuna vyetu. Kuna ndoano na miiba ya samaki. Kuna kamba ya wavu inayochuna viganja usiku kucha, hasa kwa wale wanaovuta nyavu kubwa kwenye mitumbwi iliyounganishwa, ile inayoitwa apollo. Kuna kuungua na karabai kwa wavuvi wa ndagala ambao bado wanaitumia, ingawa wengi wamehamia taa za betri na za jua. Kwenye michikichi ya Rumonge, miiba ya makuti huingia mguuni na kuvunjikia ndani, na panga la kukatia mikungu huteleza. Tena kuna mawese ya moto, ambayo hushika ngozi na kuendelea kuunguza. (Aliyemwagikiwa na mawese ya moto amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Asipakwe mawese mengine, dawa ya meno wala unga wa kahawa. Tumelisema hili mara nyingi na tutalisema tena.)

Wapo pia waliofika hapa na majeraha ya vita au ya njiani. Hao tutawarudia mwishoni, maana picha ya jeraha lao ni jambo la pekee.

KUPIMA KWA RULA

Njia ya kwanza haihitaji umeme wala simu. Muuguzi anatumia rula ya karatasi inayotupwa baada ya kazi, au rula ya shule iliyosafishwa kwa spiriti. Rula haigusi kidonda. Inashikwa juu yake kidogo au kulazwa pembeni kwenye ngozi nzima. Anatafuta urefu, yaani umbali mkubwa kuliko wote kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Halafu anatafuta upana, yaani umbali mkubwa unaokata ule urefu kwa pembe mraba. Anaandika vyote viwili pamoja na tarehe.

Tuseme kidonda cha yule baba kina urefu wa sentimita 6 na upana wa sentimita 4. Sita mara nne ni 24. Je, kidonda kina eneo la sentimita za mraba 24? Hapana. Hapo ndipo wengi hukosea, hata wenye vyeti. Hesabu ya urefu mara upana ni ya sanduku lenye pembe nne, na kidonda hakina pembe. Fanyeni jaribio: kateni karatasi ya mraba, kisha kateni ndani yake duara linalogusa pande zote nne. Pembe nne zitaanguka, na kinachobaki ni kama robo tatu na kidogo ya karatasi. Kwa hiyo, kwa kidonda chenye umbo la yai, zidisha jibu lako kwa 0.785. Ishirini na nne mara 0.785 ni karibu 19. Sasa tuna eneo lililo karibu zaidi na ukweli.

Vituo vingine huandika urefu mara upana tu bila kupunguza. Si kosa kubwa, mradi wafanye hivyo kila wiki. Kosa kubwa ni kubadilisha njia katikati: muuguzi wa kwanza aandike 24, wa pili aandike 19, na watu washangilie kidonda kupungua kumbe kimesimama palepale. Ndiyo maana kwenye daftari iandikwe pia njia iliyotumika.

Kidonda chenye umbo la ajabu, lenye ghuba na rasi kama pwani ya Fizi, rula hukikosea. Kwa hicho kuna karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Muuguzi anaweka plastiki mbili safi juu ya kidonda, anachora ukingo kwa kalamu ya wino mzito, kisha anatupa ile ya chini iliyogusa kidonda na kubaki na ya juu. Ile ya juu anaiweka kwenye ukurasa wa daftari la hesabu lenye visanduku vya nusu sentimita. Anahesabu visanduku vilivyo ndani ya mchoro. Kisanduku kilichoingia zaidi ya nusu kinahesabiwa, kilichoingia chini ya nusu kinaachwa. Visanduku vinne ni sentimita moja ya mraba. Akipata visanduku 68, kidonda ni sentimita za mraba 17. Kazi hii hata kijana wa darasa la sita anaiweza, na tumeona vijana wakiifanya kwa uangalifu kuliko wakubwa.

Kina cha kidonda hupimwa na muuguzi peke yake, kwa kijiti safi cha pamba. Nyumbani msijaribu.

KUPIMA KWA PICHA

Siku hizi karibu kila kituo kina simu yenye kamera, na watu wengi kambini wanazo. Picha ina faida mbili ambazo rula haina. Inaonyesha rangi na ukingo, si ukubwa tu. Tena inaweza kuonwa na daktari aliye mbali, bila mgonjwa kusafiri.

Simu inajuaje ukubwa wa kidonda? Picha ya simu ni nukta ndogo mno zilizopangwa kama visanduku vya daftari la hesabu. Ukiweka rula kando ya kidonda, programu inahesabu sentimita moja ya rula imechukua nukta ngapi. Tuseme ni nukta 50. Basi sentimita moja ya mraba ni 50 mara 50, yaani nukta 2,500. Halafu muuguzi anachora kwa kidole ukingo wa kidonda kwenye kioo cha simu, na programu inahesabu nukta zilizo ndani. Ikipata nukta 42,500, inagawa kwa 2,500 na kutoa jibu: 17. Ni kazi ileile ya plastiki na visanduku, ila inafanyika kwa kufumba na kufumbua.

Bila rula, picha haina kipimo. Hili lishikwe vizuri. Ukipiga picha kwa umbali wa sentimita 20 wiki hii, na kwa umbali wa sentimita 40 wiki ijayo, kidonda kitaonekana kuwa na nusu ya urefu wake na robo ya eneo lake. Kile cha 17 kitafanana na cha 4 na ushei. Mtu atatuma picha hiyo kwa ndugu zake Baraka na kusema, "Namshukuru Mungu, nimepona," na hakuna kilichobadilika isipokuwa urefu wa mkono wa mpigapicha.

Kosa la pili ni kuinamisha simu. Kamera inapaswa kutazama kidonda uso kwa uso, kama mtu anayesoma kitabu kilicholazwa mezani. Ukiinamisha kwa nyuzi 30, eneo linaonekana limepungua kwa karibu sehemu 13 katika 100. Ukiinamisha kwa nyuzi 45, linapungua kwa karibu 29 katika 100. Ndiyo sababu wapigapicha wa polisi na wa hospitali hutumia rula yenye umbo la herufi L. Mkono mmoja ukionekana mfupi kuliko mwingine, anayetazama anajua mara moja kwamba kamera iliinama. Mnaweza kutengeneza ya kwenu kwa karatasi nyeupe ngumu na rula ya mtoto wa shule. Tena rula ilazwe sawa na ngozi iliyo kando ya kidonda. Ikiinuliwa kuelekea kamera itaonekana kubwa kuliko ilivyo, na kidonda kitahesabiwa kidogo.

Muundi unaleta shida yake. Mguu ni mviringo, na kidonda kinachozunguka mguu hakionekani chote kwa picha moja, kama vile huwezi kusoma maandishi yote ya kopo bila kuligeuza. Hapo pigeni picha mbili au tatu, mkiandika ipi ni ya mbele na ipi ya pembeni. Kwa kidonda cha namna hiyo plastiki ni bora kuliko simu, kwa sababu plastiki inakubali kupinda. Hospitali kubwa za nchi tajiri zina mashine zinazotumia kamera mbili kama macho mawili, au mistari ya mwanga, kupata umbo na kina bila kugusa. Simu chache za bei kubwa nazo zinapima umbali kwa mwanga usioonekana. Ni vyombo vizuri, lakini hatuvihitaji ili kuamua kama baba apelekwe hospitali.

RANGI, NA SAFARI ILIYOFANYWA BURE

Ndani ya kidonda kinachopona pana wekundu unaong'aa, wenye chembechembe kama nyama mbichi. Ukingoni pana mstari wa ngozi changa unaosogea ndani kidogo kidogo. Umanjano unaonata ni uchafu wa nyama iliyokufa. Weusi mkavu au weusi wenye harufu ni nyama iliyokufa kabisa. Kwa ngozi zetu nyeusi, wekundu wa ngozi iliyo kando ya kidonda ni mgumu kuonekana, kwenye picha na hata kwa macho. Kwa hiyo picha isiwe peke yake: gusa pembeni kwa mgongo wa mkono uone kama pana joto, tazama kama ngozi imevimba na kuwaka kama iliyopakwa mafuta, na muulize mgonjwa kama maumivu yamezidi. Majibu hayo yaandikwe chini ya picha.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo nilichofanyia kazi, tulimpiga picha mama mmoja saa kumi na mbili jioni ndani ya hema la plastiki ya bluu. Mwanga uliopita kwenye plastiki ile ulikuwa wa bluu, na juu yake mwenzetu alikuwa amekwisha kupaka ile dawa ya zambarau ya vidonda. Daktari wa mjini aliipokea picha, akaona kidonda cheusi, akaamuru mgonjwa aletwe haraka. Mama alisafiri siku nzima akiwa na mtoto mgongoni. Alipofunguliwa na kuoshwa, kidonda kilikuwa chekundu, kizuri, kinajifunga. Alirudishwa kesho yake. Hakulalamika, lakini sisi tuliona aibu, maana yeye ndiye aliyelipa kosa letu kwa miguu yake.

Tangu siku ile tuna desturi hizi. Kidonda kinaoshwa kwanza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, si maji ya ziwa. Picha inapigwa kabla ya kupaka dawa yoyote. Inapigwa nje kivulini, mchana, wala si juani kwenye mng'ao, na taa ya simu inazimwa kwa sababu unyevu wa kidonda hurudisha mwanga na kuacha doa jeupe. Chini ya mguu kinatandikwa kitambaa cha rangi moja. Karatasi ile nyeupe yenye umbo la L inasaidia mara mbili: daktari akiona karatasi yenyewe imekuwa ya bluu, anajua rangi za picha si za kuaminiwa.

NAMBA ZINASEMA NINI

Kupima bila kujua namba inaelekea wapi ni kujaza daftari tu. Chukueni mfano wa kidonda cha mguuni kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari. Madaktari wamechunguza na kuona kwamba kikipungua nusu ya eneo lake katika wiki 4, kina matumaini makubwa ya kufunga. Kisipofika hapo, matibabu yabadilishwe mapema, wasingoje miezi. Basi kidonda kilichoanza na sentimita za mraba 12 kiwe 6 au chini yake baada ya wiki 4. Kikiwa 10, wote wanaweza kusema "kinapungua", na kweli kinapungua, lakini hakipungui kwa kasi inayotakiwa. Hilo macho hayawezi kuliona, namba inaliona.

Kwa jeraha la kawaida la mtu mwenye afya tunatazamia mambo yaende haraka zaidi. Kama wiki mbili zimepita na eneo halijapungua hata kidogo, tafuteni sababu. Pengine mwiba umebaki ndani. Pengine mtoto hali chakula cha kutosha, kwa maana mwili hujenga nyama mpya kutokana na chakula, na maharage na ndagala ni sehemu ya matibabu. Pengine mgonjwa anafungua bandeji usiku kwa kujikuna, na hataki kusema.

Kuna ugonjwa mmoja ambao sentimita ndizo zinazoupangia ngazi, nao ni kidonda cha Buruli. Jina ni la wilaya ya Buruli nchini Uganda, walikoonekana wagonjwa wengi katika miaka ya 1960. Lakini zamani zaidi, mwaka 1897, daktari Mwingereza Albert Cook alikwisha kuandika habari za vidonda vya namna hiyo katika Hospitali ya Mengo, Kampala. Moja ya uchunguzi mkubwa wa kwanza ulifanywa kwa wakimbizi kama sisi: Wanyarwanda waliowekwa Kinyara, Uganda, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1971. Nchini Kongo ugonjwa huu umejulikana sana upande wa magharibi, maeneo ya Songololo na Kimpese.

Buruli huanza kama uvimbe mdogo usiouma. Neno hilo "usiouma" ndilo mtego. Mtoto hacheki wala halii, mzazi anaona ni jipu tu, na ndani ya ngozi ugonjwa unakula mafuta na kutambaa. Ngozi inapopasuka, kingo za kidonda huwa zimelika kwa chini, hivyo tundu la juu ni dogo kuliko ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani limeupanga kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni kidonda kimoja kisichofika sentimita 5. Ya pili ni kati ya sentimita 5 na 15. Ya tatu ni kinachozidi 15, au vidonda vingi, au kilicho mahali pa hatari kama jichoni na kwenye kiungo. Dawa zake ni rifampisini na klarithromaisini kwa wiki 8, na anayeanza akiwa ngazi ya kwanza mara nyingi hupona bila kukatwa ngozi. Kwa kawaida ugonjwa hauambukizwi na mtu kwa mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa. Hatusemi kwamba kila kidonda cha hapa ni Buruli. Vingi si hivyo. Tunasema kwamba kidonda kisichouma na kinachokua kila wiki kionyeshwe.

Sasa jambo la kuwatahadharisha wale wanaopenda namba kupita kiasi. Kidonda kinaweza kuongezeka kwenye rula na bado kinaelekea kupona. Muuguzi akiondoa nyama iliyokufa, kesho yake eneo ni kubwa, kwa sababu sasa tunakiona chote. Hata kwa Buruli, katikati ya dawa au baada yake, kidonda huweza kuvimba na kupanuka kwa muda kwa sababu nguvu za mwili zimeamka. Wagonjwa wengine hukata tamaa hapo na kuacha vidonge. Msiache dawa kwa sababu ya kipimo kimoja. Rudini kituoni, muulize.

PICHA NI MALI YA NANI?

Jeraha la mtu ni sehemu ya mwili wake, na picha yake vilevile. Kabla ya kupigwa picha, mhudumu anapaswa kukueleza kwa lugha unayoielewa picha ni ya nini, nani ataiona na itakaa wapi. Unaweza kukubali, unaweza kukataa. Ukikataa, utatibiwa vilevile. Rula na plastiki zipo. Kwa mtoto anaulizwa mzazi au mlezi, na mtoto mwenye akili ya kuelewa aulizwe pia. Mama au dada mwenye kidonda mahali pa siri ana haki ya kudai apigwe picha na mhudumu mwanamke, pembeni pakiwa na mtu anayemwamini.

Kwenye picha usiwepo uso, wala jina, wala namba ya kadi ya chakula. Iwepo namba ya daftari la kituo na tarehe, basi. Simu nyingi huficha ndani ya picha mahali ilipopigwa. Mhudumu aizime alama hiyo kwenye simu yake. Picha ipelekwe kwa daktari mmoja anayehusika, isipelekwe kwenye kundi la marafiki. Ikishaingia kwenye makundi hairudi. Tumewahi kuona picha ya mguu wa mtu wa kambini ikizunguka ziwa lote na hadithi isiyo yake.

Kwa waliojeruhiwa kwa risasi, panga au mateso, uzito ni mkubwa zaidi. Picha inaweza kumwambia adui ulikuwa wapi siku gani. Picha hiyohiyo inaweza siku moja kuwa ushahidi wako mbele ya sheria. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa ulipokea mwongozo unaoitwa Itifaki ya Istanbul, kuhusu kuchunguza na kuandika alama za mateso mwilini, na picha zenye kipimo pembeni ni sehemu yake. Mwongozo huo ulifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Kama jeraha lako ni la namna hiyo na ungependa lihifadhiwe kwa ajili ya haki, usijipige mwenyewe na kukaa na picha kwenye simu inayoweza kuibwa. Mwambie daktari au afisa wa ulinzi wa wakimbizi faraghani, nao watakuelekeza. Kovu nalo lina thamani, kwa hiyo hujachelewa.

USINGOJE PICHA

Nenda kituoni sasa hivi, usiku au mchana, ukiona haya: damu isiyokoma baada ya kukandamizwa, homa pamoja na kidonda, mstari wa wekundu au weusi unaopanda kutoka kidondani, uvimbe unaoongezeka saa kwa saa, maumivu makali kupita ukubwa wa kidonda, weusi wenye harufu mbaya, taya kukaza au shingo kukakamaa. Vilevile ukiumwa na nyoka au mbwa, au ukichomwa na kitu chenye kutu au udongo na hukumbuki kuchanjwa pepopunda.

MAZOEZI

Fanyeni haya nyumbani, hasa wahudumu wa afya wa jamii na wanafunzi.

1. Kidonda cha mtoto kilikuwa na urefu wa sentimita 5 na upana wa sentimita 4 tarehe ya kwanza. Wiki 4 baadaye urefu ni 4 na upana ni 3. Tafuta eneo la kila mara kwa kuzidisha kwa 0.785. Je, limepungua nusu?

2. Kwenye picha, sentimita moja ya rula ni nukta 40. Kidonda ni nukta 14,400. Ni sentimita za mraba ngapi?

3. Picha ya wiki hii ina rula, ya wiki iliyopita haina. Utamwambia nini mgonjwa anayeuliza kama amepata nafuu?

Majibu: (1) Mara ya kwanza 15.7, mara ya pili 9.42. Limepungua sehemu 40 katika 100, haijafika nusu. Kama mtoto anakula vizuri na bandeji inabadilishwa, muuguzi atafute sababu nyingine. (2) Arobaini mara 40 ni 1,600. Kwa hiyo 9. (3) Mwambie kwamba leo ndiyo siku ya kwanza ya kupima, na umpe tarehe ya kurudi baada ya siku 7.

Mikanda ya rula ya karatasi inapatikana bure kwa wahudumu wa afya wa kila mtaa. Mwenye daftari la hesabu lililoisha asilitupe. Alete kurasa zenye visanduku kwenye chumba cha kufungia vidonda, zinatumika.